TrueNAS ndani ya VM inakaa vizuri tu, ila ipe diski zenyewe mkononi

Vijana wa kompyuta hapa Mbeya wananiuliza sana hili swali siku hizi, je TrueNAS, ule mfumo wa kugeuza kompyuta kuwa ghala la mafaili la ofisi nzima, inafaa kuwekwa ndani ya mashine pepe (VM, kompyuta ya kufikirika ndani ya kompyuta ya kweli) au lazima iwe na kompyuta yake peke yake? Wengi wanaouliza wameshatishwa tayari, wameambiwa usithubutu, data zitakufa. Jibu langu ni kwamba inafaa kabisa, mi ninayo moja inapiga kazi Mwanjelwa kwenye studio ya picha na imebeba harusi za watu za miaka, ila kuna sharti moja na hilo halina mjadala: diski zinazotunza data lazima ziwe za TrueNAS yenyewe, izishike yenyewe, izisome seriali namba zake, ijue ipi inaanza kuugua na ipi nzima. Ukishindwa hapo bora usianze. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza tulivyofanya, maana hili jambo linaniuma, nimeona watu wenye kazi nzuri wanatunza kila kitu kwenye hadidiski moja ya USB iliyokaa mezani pembeni ya kikombe cha chai.

Tuanze na kwa nini mashine moja na sio mbili. Studio yenyewe ya kawaida, mama mmoja na vijana wake, wanapiga kitchen party, send-off, harusi, komunio, mahafali, na siku hizi kila mtu anataka video ya 4K kwa hiyo Jumapili jioni vijana wakirudi kumwaga kadi unakuta tukio moja tu limekula mamia ya gigabaiti. Ofisini hapohapo kuna programu ya mahesabu inayotaka Windows, na kuna kijiprogramu cha kupokea oda. Ukisema kila kitu kiwe na kompyuta yake unazungumzia kompyuta tatu, UPS tatu, vumbi mara tatu, na bili ya umeme ambayo mama ataiangalia afu akuangalie wewe. Tukachukua HP Z440 moja ya mtumba, zile za Xeon, zinakubali RAM ya ECC ambayo inajirekebisha biti ikigeuka, tukaijaza RAM mpaka 64GB, afu juu yake tukaweka Proxmox. Hiyo ndo inagawa mashine: TrueNAS ndani, Windows ndani, na kijimashine kidogo cha Linux ndani.

Kwa ambaye majina haya ni mapya, kwa kifupi. Proxmox ni mfumo wa bure wa kutoka Austria, umeanza 2008, chini yake kuna Debian (aina ya Linux) na KVM (kinachoendesha mashine pepe), unauendesha kwa brauza tu, unaandika IP ya mashine na poti 8006 unaingia. TrueNAS ilianza 2005 ikiitwa FreeNAS, aliianzisha Mfaransa Olivier Cochard-Labbé juu ya FreeBSD, baadaye ikalelewa na kampuni ya iXsystems ya Marekani, jina likabadilika 2020, na 2022 likatoka toleo la SCALE ambalo limekaa juu ya Debian. Hilo la Linux ndo naliongelea hapa. Na moyo wa TrueNAS ni ZFS, mfumo wa faili uliotengenezwa Sun Microsystems na kina Jeff Bonwick na Matthew Ahrens, kazi waliianza 2001 na kodi ikafunguliwa 2005.

Sasa hii ZFS ndo ya kuielewa, maana bila kuielewa utaona lile sharti langu kama ushabiki. Kila kipande cha data ZFS inachoandika inakipigia hesabu, cheksamu, na hiyo hesabu haiiweki palepale kwenye kipande, inaiweka kwenye kipande cha juu yake kinachokielekeza, na cha juu nacho hesabu yake iko juu zaidi, hivohivo mpaka kileleni. Kwa hiyo diski ikisoma vibaya afu ikatoa data iliyoharibika huku inasema kila kitu safi (na diski zinafanya hivo, sio hadithi) ZFS inapiga hesabu upya, haifanani, inajua imedanganywa. Kama umeweka diski pacha inaenda kusoma nakala ya pili, inaona hii ndo nzima, inakupa hiyo, na palepale inaandika upya ile mbovu. Wewe uliyefungua picha ya bibi harusi huna hata habari kwamba kuna kitu kimetengenezwa sekunde hiyo. Mara moja kwa mwezi unaiambia ikague diski zote mwanzo mpaka mwisho, wenyewe wanaita skrabu, ili isisubiri mpaka mtu afungue faili.

Lakini ili ifanye hayo inahitaji kuongea na diski yenyewe. Ukitengeneza diski ya kufikirika kwenye Proxmox, yaani faili kubwa tu lililokaa sehemu, ukampa TrueNAS aone ni diski, ni sawa na kuajiri mtunza ghala la mpunga afu unamkataza kuingia ghalani, kila gunia anasimuliwa na mtu aliyesimama mlangoni. Yeye ataandika daftari lake vizuri tu. Shida itaonekana siku ya kuhesabu.

Na mlangoni pale ndo panapotokea mambo. La kwanza, ripoti ya afya ya diski, ile SMART, haifiki ndani, TrueNAS inaona kitu kinaitwa QEMU HARDDISK ambacho hakizeeki wala hakipati joto, kumbe chini diski ina sekta mbovu zinaongezeka kila wiki. La pili ni baya zaidi na kwetu huku lina uzito wake maana umeme tunaujua, na radi za Mbeya kuanzia Novemba mpaka Aprili tunazijua. ZFS maandishi ya kawaida inayakusanya kwenye RAM kwa kama sekunde 5 afu inayashusha kwa mkupuo. Mwisho wa mkupuo inaiambia diski mwaga kila ulichokishika, hakikisha kimekaa kwenye sahani, na ikijibiwa ndiyo kimekaa, hapo ndo inaandika alama ya kusema hali mpya ni hii. Data ya zamani haiandikiwi juu, mpya inaandikwa pembeni, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya mkupuo unarudi kwenye hali ya mwisho iliyokamilika, umepoteza sekunde chache na puli, yaani diski zako zote zilizounganishwa kuwa ghala moja, iko salama. Sasa katikati hapo weka kitu kinachojibu "ndiyo nimemwaga" wakati bado kimeshika mkononi, kama kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa zionekane moja) yenye kashe, kumbukumbu ya muda, ambayo betri yake ilishakufa zamani, au ile setingi ya kashe ya Proxmox ambayo yenyewe imeandikwa wazi kwamba sio salama na watu wanaiwasha kwa sababu inaonyesha spidi nzuri. Alama mpya inaandikwa ikielekeza data ambayo haipo. Umeme ukirudi puli haifunguki. Wanaosema TrueNAS ndani ya VM inaua data wengi wanazungumzia hii, na wako sahihi kabisa kuiogopa, ila anayeua hapo ni mtu wa mlangoni, sio VM.

Dawa ni kumtoa mtu wa mlangoni. Unachukua kadi inayoshika diski, unaipitisha nzima nzima ndani ya mashine pepe, Proxmox inaiachia, TrueNAS inaishika kama vile imechomekwa kwake. Sisi tulitumia LSI 9211-8i, kadi ya zamani ya chipu ya SAS2008, inabeba diski nane kwa kebo mbili zinazogawanyika nne nne, inapatikana mtumba kwa bei ya kueleweka. Cha kuangalia ni famuwea yake, ile programu iliyomo ndani ya kadi yenyewe. Zipo za IR ambazo zinajifanya RAID, na zipo za IT ambazo zinaacha diski kama zilivyo, unataka IT, na toleo linalotumika sana ni 20.00.07.00. Anayekuuzia mwambie akuonyeshe kwenye skrini, sio akwambie tu.

Hii kadi ina joto bana. Imetengenezwa kukaa kwenye seva za ofisini ambako mafeni yanapuliza kama kimbunga muda wote, ukiiweka kwenye kompyuta tulivu ya mezani kile kipande cha alumini juu ya chipu kinawaka, ukikigusa unarudisha kidole haraka, hata Julai hii ambayo Mbeya tunatembea na makoti. Tulifunga kafeni kadogo ka milimita 40 juu yake kwa zile kamba za plastiki, kanachukua umeme kwenye bodi, na joto likashuka. Usiruke hii hatua, kadi ikichemka inaanza kuangusha diski moja moja na utahangaika kubadilisha kebo ambazo hazina kosa.

Kingine kidogo lakini kitakuja kukuokoa: kabla hujafunga diski, chukua selotepu ya karatasi, andika herufi nne za mwisho za seriali namba, bandika upande unaoonekana ukifungua mfuniko. Z440 ina nafasi mbili tu za diski kubwa chini, mbili nyingine tulizifunga juu kule kwenye nafasi za sidii kwa vibati vya kushikilia, kwa hiyo siku TrueNAS ikikwambia diski fulani imekufa unaangalia selotepu, unachomoa hiyo, sio unabahatisha unachomoa nzima.

Kuinstoli sasa. Faili la ISO, lile la kuinstolia TrueNAS, lipo kwenye gigabaiti kadhaa, kwa bando letu ni vizuri kulishusha usiku kwa wget -c ili likikatika liendelee lilipoishia, na likishafika lipige sha256sum ulinganishe na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kushusha. Dakika moja tu hiyo. Kwenye Proxmox tengeneza VM, aina ya mashine chagua q35, bayosi chagua OVMF, na pale kwenye diski ya EFI toa tiki ya kuweka funguo tayari, maana ukiiacha Secure Boot inawaka na TrueNAS haitabuti, watu wanakaa hapo masaa wanadhani ISO mbovu. Prosesa weka aina ya host. RAM kiwango cha chini wanachokitaja wenyewe ni 8GB, sisi tuliipa 24GB kwa sababu ZFS inatumia RAM kama kashe ya kusoma na kadri unavyoipa ndo inavyopendeza, na ile setingi ya RAM kupanda na kushuka izime kabisa, VM ikishapewa kadi ya kweli RAM yake yote inashikwa toka inapowaka, haigawani na mtu. Network weka VirtIO kwenye vmbr0, ile swichi ya kufikirika ya Proxmox. Diski ya kubutia, hii sasa inaweza kuwa ya kufikirika, haina shida, 32GB kwenye SSD ya Proxmox inatosha na inabaki, kwa sababu humo hamna data ya mtu, kuna mfumo tu.

Mpangilio ninaoushikilia ni huu, instoli kwanza, kadi baadaye. Ukiinstoli kabla ya kuipitisha kadi, TrueNAS inaona diski moja tu ya 32GB, haiwezekani kukosea ukafuta diski ya data hata ukiwa na usingizi. Ikimaliza toa ISO kwenye ile sidii ya kufikirika, washa, inakuonyesha IP, ingia kwa brauza na jina la truenas_admin na pasiwedi uliyoweka, hakikisha kila kitu kinafunguka, afu zima. Sasa ndo tunaenda kwenye kadi.

Kwenye bayosi ya kompyuta yenyewe washa VT-d, ndo inayoruhusu kadi kupitishwa ndani ya VM, kwa AMD wanaita AMD-Vi au IOMMU. Kwenye hizi HP iko kwenye menyu ya usalama, sio upande wa prosesa ambako kila mtu anaanza kutafuta. Kama Proxmox yako ina kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani unaongeza intel_iommu=on kwenye mstari wa GRUB na kupiga update-grub, kwenye kerneli za 6.8 kwenda juu imewashwa tayari. Piga dmesg utafute DMAR na IOMMU uone imekubali. Afu lspci -nn utaona kadi na namba yake, hii yetu ni 1000:0072.

Hapa watu wengi wanaingia moja kwa moja kwenye VM, wanaongeza kifaa cha PCI, wanachagua kadi, wanawasha, inafanya kazi, wanafurahi, wanaondoka. Inafanya kazi kweli. Lakini kuna hatari imebaki. Proxmox nayo ina ZFS ndani yake. Kompyuta inapowaka, kabla VM haijaanza, Proxmox inaishika kadi kwa dereva wake, inaziona diski, inaona zina alama za ZFS, na kuna mazingira ambayo inaweza kuifungua ile puli yenyewe. Afu VM inawaka, inainyang'anya kadi, TrueNAS nayo inafungua puli ileile. Kerneli mbili kwenye puli moja, kila mmoja anajiamini kwamba yuko peke yake, hiyo haina skrabu wala diski pacha ya kukuokoa, inaharibika mazima. Kwa hiyo unaifunga Proxmox mikono mapema: kwenye /etc/modprobe.d/ unaweka faili lenye options vfio-pci ids=1000:0072 na mstari wa softdep mpt3sas pre: vfio-pci, unapiga update-initramfs -u, unaributi. Baada ya hapo lspci -nnk kwenye ile kadi lazima iseme dereva inayotumika ni vfio-pci hata VM ikiwa imezimwa. Ukiona imeandika mpt3sas rudi nyuma, usiendelee. Na kwenye Proxmox lsblk isikuonyeshe zile diski kabisa. Diski za watu hazionekani pale, hiyo ndo hali tunayoitaka.

Ukishamaliza hapo unawasha VM na TrueNAS inakuonyesha diski kwa majina yake halisi, na seriali namba, na joto lake. Mi hiyo skrini huwa naikagua na ile selotepu mkononi, moja moja.

Puli tulipanga diski nne za 4TB kuwa jozi mbili za pacha. Ungeweza kufanya RAIDZ2, yaani diski zote nne kuwa kundi moja, nafasi inatoka ileile, na RAIDZ2 inavumilia diski zozote mbili kufa wakati jozi inavumilia moja kila jozi, sasa kwa nini jozi? Kwa sababu diski ikifa kuijenga upya ni kunakili kutoka kwa pacha wake tu, haihangaishi zote nne, na mama akipata hela ya diski mbili zaidi tunaongeza jozi ya tatu puli inakua. Hilo ni chaguo langu, mwingine atapanga tofauti na atakuwa sawa. TrueNAS itakuandikia kila diski ya 4TB kuwa 3.64TiB, usiende kugombana na muuzaji, ni hesabu ya elfu dhidi ya 1024. Ugomvi wa kweli ni wa SMR, diski ambazo mistari yake imepandana ili ibebe zaidi, hizo zikijengwa upya kwenye ZFS zinaburuzika mno, 2020 kulikuwa na kelele kubwa duniani baada ya kugundulika zinauzwa bila kuandikwa. Tafuta namba ya modeli kabla hujatoa hela, unataka CMR, zile ambazo mistari haijapandana.

Mama mwenye studio siku ya kwanza alikaa pembeni yangu akauliza swali ambalo ndo lenyewe haswa. "Mwanangu, hawa vijana wakifuta kitu kwa bahati mbaya, hii mashine inakumbuka?" Nikamwambia ndiyo mama, inakumbuka. Snapshoti, yaani kumbukumbu ya mafaili yalivyokuwa muda huo, zinachukuliwa kila saa na zinakaa wiki mbili, na kwa sababu ZFS haiandiki juu ya data ya zamani hiyo snapshoti inatengenezwa papo hapo na haili nafasi mpaka vitu vianze kubadilika. Kijana wa editing aliwahi kufuta folda nzima ya send-off akidhani ni nakala, rangi ilimtoka usoni. Tukaenda kwenye Windows yake, tukabofya kulia kwenye folda ya juu, tukachagua matoleo ya nyuma, saa tano asubuhi ipo, tukaivuta ikarudi. Mambo ya flashi za wateja zenye virusi vinavyofunga mafaili nayo jibu lake liko hapohapo, virusi vinaingia kwa SMB (njia ambayo Windows inafungua folda za TrueNAS) vinaharibu kinachoonekana ila snapshoti havifikii, mradi pasiwedi ya admin haijahifadhiwa kwenye kompyuta ya editing.

Spidi ni ya swichi yenu. Kwa waya wa gigabiti moja wanapata kama megabaiti 110 kwa sekunde, kazi ya picha inatosha na video za kawaida zinaeditika moja kwa moja bila kuzihamisha. Mashine ya Windows iliyo ndani ya Proxmox hiyohiyo yenyewe haipiti hata kwenye swichi, inaongea na TrueNAS humohumo kwenye vmbr0. Ila usije ukaweka diski za VM nyingine ndani ya TrueNAS halafu ukategemea ziwake zenyewe asubuhi, TrueNAS lazima iwe imesimama kwanza. Kwenye Proxmox kuna mpangilio wa kuwasha, TrueNAS tuliipa namba 1 na kusubiri sekunde 120, ndo wengine wanafuata. Kuzima kunaenda kinyumenyume kwa mpangilio uleule, Windows inatoka kwanza, TrueNAS mwisho.

Kuzima huko ni muhimu kwa sababu UPS tumeiunganisha kwa USB kwenye Proxmox yenyewe na programu ya NUT, sio ndani ya TrueNAS. Umeme ukikatika UPS inaanza kuhesabu, betri ikifika chini NUT inaiambia Proxmox zima, Proxmox inazizima VM kwa adabu moja moja afu inajizima. Ukiiunganisha ndani ya TrueNAS itajizima TrueNAS peke yake, wengine watabaki wanahangaika gizani mpaka betri iishe. Hii ijaribu kwa kuchomoa plagi ya ukutani mchana ukiwa umekaa pale, kabla ya msimu wa radi, usisubiri ukatikaji wa kweli ndo ukufundishe.

Na kuna jaribio moja ambalo mi nadhani kila anayeweka TrueNAS kwenye VM alifanye kabla hajaweka picha hata moja ya mteja. Kwanza kabisa pakua faili la konfigi la TrueNAS, na pale weka tiki ya kujumuisha ile mbegu ya siri ya pasiwedi, ulihifadhi nje ya mashine. Afu zima kila kitu, chomoa SSD ya Proxmox, weka SSD nyingine tupu, instoli TrueNAS moja kwa moja kwenye chuma bila Proxmox, zile diski zikiwa kwenye kadi ileile, pakia konfigi. Kwetu puli ilifunguka na folda zote za majaribio zikiwepo, watumiaji wapo, ruhusa zipo. Kwa sababu ZFS haijui na haijali kama ilikuwa ndani ya VM, inazijua diski zake tu. Maana yake siku Proxmox ikifa, au bodi ya Z440 ikiungua, tunachukua kadi na diski tunaenda kwenye kompyuta nyingine yoyote, na studio inaendelea kesho yake. Aliyetumia diski za kufikirika hana hiyo njia, yeye data zake zimefungwa ndani ya faili, ndani ya mfumo mwingine, ndani ya mashine iliyokufa. Tukarudisha SSD ya Proxmox na kuendelea.

Bakapu ni kitu kingine, diski pacha sio bakapu, na watu wa Mwanjelwa hawahitaji kuelezwa sana, wenye umri wao wanakumbuka soko lilivyoungua. Proxmox ina bakapu yake nzuri lakini zile diski zilizopitishwa kwa kadi haizioni, inabeba ile 32GB ya mfumo tu, hilo lijue mapema. Data inabebwa na TrueNAS yenyewe kwa riplikesheni, snapshoti ya leo inalinganishwa na ya jana na kinachotumwa ni tofauti tu. Tuna kompyuta ndogo ya pili yenye diski mbili nyumbani kwa mama kule Uyole, mzigo wa kwanza tuliupakia studioni kwa waya maana kwa intaneti ungemaliza mwezi, afu tukaihamisha, na sasa kila usiku zinapita tofauti tu. Jumapili za harusi nyingi inachelewa mpaka Jumanne. Haina neno.

Kama kompyuta yako haina VT-d, au diski zako zipo kwenye kontrola ileile ya SATA inayobuti Proxmox na huna nafasi ya kuongeza kadi, utaelekezwa kupitisha diski moja moja kwa qm set na njia ya /dev/disk/by-id. Inawezekana, weka na serial= kwa kila diski maana TrueNAS inagoma diski zisizo na namba za kuzitofautisha, lakini SMART haipo na Proxmox bado inaziona zile diski, ile hatari ya kerneli mbili ipo palepale. Kwa majaribio ya kujifunza sawa. Kwa data ya mtu mwingine mi sifanyi. Hapo geuza meza, instoli TrueNAS moja kwa moja kwenye chuma na hizo VM zako ndogo ziweke ndani yake, nayo ina KVM. Kuna kijana wa Kihesa, Iringa, anatunza rekodi za duka la pembejeo, ameanza hivo na kompyuta ya i5 na diski mbili, Windows ya mahesabu inakaa ndani ya TrueNAS, na anayo nafasi ya kununua kadi baadaye bila kugusa puli.